Laptopu ya steshenari imekuwa nzito kama nini, nifomati tena au niiuze?

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, natumia laptopu HP EliteBook 840 G1, i5, RAM 4, hadidiski 500, Windows 10. Niliinunua used, mwanzoni ilikuwa inakwenda vizuri tu. Saivi nikiiwasha asubuhi nafagia, namwagia maji mlangoni, napanga rimu, na bado kile kiduara kinazunguka. Wateja wa kujaza fomu za mkopo wanajaa kwenye benchi, mtu akileta flashi Word inafunguka kama inalazimishwa. Fundi wa kwanza kaifomati, ikawa nzuri wiki mbili tatu ikarudi kulekule. Wa pili kasema niweke RAM 16. Wa tatu kasema ishazeeka niiuze niongezee nichukue nyingine. Nina laki mbili tu mkononi. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu, pole na foleni. Nianze na la mwisho, usiiuze. Hiyo 840 G1 ni mashine ya ofisi, ilitoka kipindi cha prosesa za Intel za kizazi cha nne, 2013 kwenda 2014 hivi, na ilitengenezwa kwa mtu wa kuitumia kutwa nzima na fundi wa kuifungua bila kuvunja kitu. Ukiiuza ikiwa hivo ilivo utapewa hela ya vitumbua, halafu uongezee laki mbili uchukue used nyingine ambayo nayo ina hadidiski ya zamani na RAM 4, hapo utakuwa umebadilisha rangi ya kava tu.

Hao mafundi wako watatu sisemi wamekudanganya, ila hakuna hata mmoja aliyepima kabla ya kusema. Na kupima kwenyewe hakuhitaji fundi. Kesho ukiiwasha usikimbilie Word, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, itakuja Task Manager, ikija ndogo bonyeza More details. Utaona CPU (ndo prosesa), Memory (ndo RAM), Disk, Network, kila moja na asilimia yake. We itazame tu dakika kama tano bila kugusa kitu. Kwa hali unayoielezea natarajia utakuta CPU iko chini tu huko, kumi au ishirini, wakati Disk imeganda kwenye 100% na haishuki. Sasa nenda kwenye Performance, bonyeza Disk, tazama chini kasi inayosoma, usishangae ukikuta megabaiti moja na nusu, mbili kwa sekunde. Hapo ndo watu wanapochanganyikiwa, diski imejaa kazi asilimia mia halafu inasoma megabaiti mbili, inakuaje?

Inakuwa hivi. Ndani ya hiyo diski kuna sahani zinazozunguka, za laptopu nyingi ni mizunguko 5400 kwa dakika, na kuna mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea ambao lazima uhame kwenda pale data ilipo, kisha usubiri sahani ifike. Kila safari inakula milisekunde kumi na kitu. Ukiipa faili moja kubwa, tuseme filamu, itasoma vizuri tu, hata megabaiti 100 kwa sekunde. Ila Windows inapowaka haitaki faili moja kubwa, inataka maelfu ya vifaili vidogo vilivotawanyika, huku antivairasi nayo inataka vyake na apdeti inataka vyake, na kwa sekunde moja huo mkono haufikishi hata safari mia. Ni kama duka la kanga lenye kijana mmoja na ngazi moja, anayetaka jora zima anapewa palepale, lakini wakiingia watu arobaini kila mmoja na jina lake la kanga, yule kijana atapanda na kushuka mpaka jioni, jasho linamtoka na mauzo huyaoni.

Dawa yake ni kuitoa hiyo diski uweke SSD, diski ya kisasa inayotunza data kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Hizi za kawaida za SATA zinasoma faili kubwa karibu megabaiti 500 kwa sekunde, ila hiyo namba ya kwenye boksi siyo inayokuhusu sana, kinachokuhusu ni kwamba vile vifaili vidogo inavichukua kwa maelfu kwa sekunde bila kusubiri chochote kizunguke. Ndo maana mashine ileile, prosesa ileile, ukibadilisha hicho kitu kimoja unaona kama umenunua mpya. Hakuna kitu kingine utakachoiwekea hiyo laptopu kikaleta tofauti kubwa kiasi hicho, na nashangaa bado kuna mafundi wanaoanzia kwenye RAM.

Na hapo ndo jibu la kwa nini fomati ilisaidia wiki mbili tatu. Windows mpya ina vitu vichache vya kupakia, diski inapumua. Baadae apdeti zinaingia, Chrome inarudi, programu ya printa inajiweka kwenye kuwaka, WhatsApp ya kompyuta, Teams ambayo hukuiomba, na kijana wa ngazi ni yuleyule. Kufomati kila baada ya miezi michache ni hela inayotoka tu, tena kila mara unahangaika kurudisha fonti zako na templeti za CV.

Kuna uwezekano mwingine ambao ni mbaya zaidi, kwamba diski yenyewe inakufa. Shusha programu inaitwa CrystalDiskInfo, ni ya bure, ifungue utazame neno la juu kushoto. Ikiandika Good sawa. Ikiandika Caution yenye njano, au Bad, maana yake mara nyingi kuna sehemu za diski zimeharibika au hazisomeki vizuri, na Windows ikifika hapo inajaribu na kujaribu mpaka mashine inaganda kabisa. Na kama unasikia tik tik tik ndani, usisubiri hata programu. Hali ikiwa hiyo acha kila kitu, kwanza hamisha kazi zako na za wateja uziweke kwenye flashi au diski ya nje, mambo ya kasi baadae.

Sasa RAM, ile memori ya muda ambako programu ulizofungua zinakaa. Aliyekwambia 16 hajakosea kwamba RAM 4 ni ndogo, ni ndogo kweli, Windows 10 na Chrome yenye kurasa sita saba wakikaa pamoja zinakuwa zishakwisha. RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, ile ileile ya mkono na sahani, kwa hiyo unaona tatizo moja linamzidishia mwenzake. Lakini kwa kazi zako za Word, PDF, kuskani na kujaza fomu mtandaoni, 8 inakutosha na hiyo 16 utakuwa unaitunza tu. Rudi kwenye Task Manager wakati umefungua vitu vyako vya kila siku, Memory ikikaa juu ya 85 muda wote basi unaihitaji.

Mashine yako ina sloti mbili. Fungua Task Manager, Performance, Memory, pale chini itakuandikia Slots used, kama ni 1 of 2 umepona, unaongeza kijiti kimoja cha 4 unapata 8 na vijiti viwili vikifanya kazi pamoja vinaisaidia kidogo na picha ya kwenye kioo. Kama ni 2 of 2 ina maana kuna vijiti viwili vya 2, itabidi utoe ndo uweke vikubwa zaidi. Na hapa sikiliza vizuri dada, unachotafuta ni DDR3L ya laptopu, kwenye stika imeandikwa PC3L na ile L isikosekane. L inamaanisha volti 1.35, na hizo prosesa za kizazi cha nne za laptopu nyembamba kama yako ndo zinachotaka, ukipewa PC3 tupu ya volti 1.5 unaweza kurudi nyumbani ukawasha ukaona giza. DDR4 haiingii kabisa, mkato wake uko sehemu nyingine. Beba kijiti chako cha zamani uende nacho dukani, inapunguza maneno.

Kwa hiyo kwa laki mbili yako SSD kwanza, chenji ikibaki ndo RAM, isipobaki subiri mwezi ujao. SSD ya 240 au 256 inakutosha sana kwa steshenari, hizo 500 za sasa umejaza nini zaidi ya Downloads? Unayotaka ni ya inchi 2.5 ya SATA, ile bapa ya mstatili. Usiuziwe kile kijiti kirefu cha NVMe eti ndo ya kisasa, ni kweli ni ya kisasa na ina kasi zaidi, ila kwenye 840 G1 haina pa kukaa.

Ukikosa hapa mjini, wenye maduka wanaagizia Kariakoo na mzigo unapanda basi unaufuata stendi, hiyo siyo shida. Shida ni feki. Ukiona SSD inasema terabaiti 2 kwa bei ya 256 ya wengine, iache hapohapo. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ya memori ndogo imedanganywa iseme ni kubwa, unaweka faili zinaingia vizuri tu, ukija kuzifungua hazipo. Kuna programu ndogo ya bure, H2testw, inajaza diski nzima halafu inasoma tena kuhakiki, inachukua muda ila ifanye kabla hujaweka kazi yoyote ya mtu, na mwambie muuzaji mapema kabisa kwamba utapima, uangalie uso wake.

Kuifunga yenyewe kwenye hiyo EliteBook ni rahisi kuliko laptopu nyingi. Kava la chini lina kilachi cha kusukuma, linaachia lenyewe bila bisibisi. Chomoa chaja, toa betri kwanza, ndo uguse kingine. Diski imeshikwa na skrubu chache na ina kifremu chake, usikitupe, SSD nayo inavaa hichohicho. Kama mkono wako si wa vitu hivyo mpe fundi, lakini kaa hapohapo kwenye benchi umtazame, ni kazi ya muda mfupi, siyo ya kuacha laptopu ilale dukani kwa mtu.

Baada ya hapo utaulizwa ukloni au upige Windows upya. Kukloni ni kuhamisha kila kitu kama kilivo, fonti zako, printa zako, kila kitu kinabaki mahali pake. Kwa mtu ambaye mashine yake ni safi ningesema kloni. Kwako wewe napata wasiwasi, na wasiwasi wangu ni flashi na ile fomati ya fundi wa kwanza.

Steshenari ndo mahali flashi za mji mzima zinapita. Mwanafunzi kaja na flashi aliyoichomeka kwenye kompyuta ya shule, kaja mtu wa kanisa, kaja wa msikiti, wa ofisi ya kata, zote zinaingia kwenye tundu lako moja. Ushawahi kuona flashi imefunguka mafolda yote yamegeuka shotkati? Ukibofya ile shotkati folda linafunguka kweli, mteja anafurahi, na kile kirusi nacho kishajiweka kwenye laptopu yako kinasubiri flashi inayofuata. Vingine kazi yake ni kuitumia prosesa yako kwa faida ya mtu mwingine, unaona feni inapiga kelele wakati hujafungua kitu. Na mafundi wengi wakifomati wanaweka Windows na Office zilizokrekiwa, ile programu ya kuziamsha ili ikubali mara nyingi inazima kwanza Defender, ile antivairasi ya Windows yenyewe, na haiiwashi tena, kwa hiyo umekaa mlango wazi toka siku ya kwanza. Nenda Windows Security uangalie kama Virus protection imewaka. Ukikuta imezimwa na wewe hukuizima, basi usikloni, piga upya kutoka kwenye ile Windows iliyoshushwa kwa Microsoft wenyewe. Kama hiyo mashine ilishawahi kuwa na Windows 10 halali kabla yako, na za ofisi nyingi zilikuwa nayo, ukipiga toleo lilelile ikipata intaneti inajitambua yenyewe bila kukreki kitu.

Ukishakuwa safi, Defender inatosha, usiongeze antivairasi nyingine juu yake, nyingi zikiingia Defender inajizima na mashine inabeba mzigo mwingine bure. Jizoeze flashi ikiingia bofya kulia, Scan, ndo ufungue. Mteja mwenye haraka atanuna, mwache anune.

La Windows yenyewe nisilipite. Microsoft walisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi inazimika, inaendelea kuwaka, ila viraka vya usalama haviji tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza ambao kwa watu wa kawaida unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0, yako ni kizazi cha nne. Kuna njia za kuilazimisha, mafundi watakufanyia, na itawaka, ila Microsoft hawakuahidi kuipa apdeti na ni nzito zaidi ya 10. Mi nisingeiweka kwenye mashine inayoleta ugali.

Wengine watakwambia weka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, na ni kweli kwenye laptopu ya zamani ni nyepesi na ni ya bure kihalali. Ungekuwa mwanafunzi ningekusukuma huko leo. Ila steshenari wateja wanaleta faili za Word zilizopangwa meza na mipaka na fonti zao, ukizifungua kwenye LibreOffice, ile ya bure inayokaa badala ya Word, mstari unashuka, ukurasa wa pili unazaa wa tatu, na mtu kalipia ukurasa mmoja. Kwako labda iwe kwenye mashine ya pili, ya kujazia fomu mtandaoni tu, maana hiyo kazi inataka brauza na si kingine.

Joto nalo. Hapo kwako sina shaka mashine ya fotokopi iko karibu na laptopu, steshenari nyingi ndo zimekaa hivo kwa sababu ya waya. Fotokopi inapuliza joto na inatoa vumbi la karatasi, lile jeupe laini ambalo ukipitisha kidole linashika, na feni ya laptopu inalivuta lote. Linaenda kuganda kati ya feni na yale mapezi ya kutolea joto, linakuwa kama kipande cha blanketi, na kwa huku kwetu pwani unyevu na chumvi vinalifanya lishikane zaidi. Prosesa ikizidiwa na joto inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Dalili yake, asubuhi iko sawa, ikifika saa nane mchana inaanza kuburuza. Task Manager, Performance, CPU, tazama Speed wakati inafanya kazi kweli, ikiwa imeng'ang'ania 0.8 GHz huku asilimia ziko juu, hiyo inajibana. Mwambie fundi asafishe feni na abadilishe ile pesti ya prosesa, na akipuliza kwa blowa aishike feni isizunguke, ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibika. Halafu isogeze mbali na fotokopi, hata kwa meza moja, na uitoe kwenye kile kitambaa cha mezani kinachoziba matundu ya chini.

Kabla hujasafisha lakini tazama chaja. HP yako inatumia mdomo mnene wenye kipini katikati, kile kipini ndo kinachoiambia laptopu chaja ni ya wati ngapi. Chaja ya barabarani isiyotambulika inaweza kuifanya mashine ijibane hata kama inachaji, Dell ndo zina sifa hiyo sana, na HP nazo hulalamika chaja ikiwa ndogo. Ukichomoa chaja na mashine ikachangamka, umepata jibu.

Vitu vya bure vya kufanya leo wakati unatafuta hiyo SSD ni vichache. Task Manager, Startup, zima kila ambacho si cha printa wala sauti, hakifutiki, kinaacha tu kujiwasha. Jioni usiishie kuzima, mara mojamoja bonyeza Restart, maana kwenye Windows 10 Shut down kwa kawaida haizimi yote, inahifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka kesho na uchafu wa leo unabaki nao, Restart ndo inayoanza upya kweli. Drive C ikibaki na nafasi kidogo sana futa Downloads, kuna skani za vyeti vya watu za tangu mwaka juzi humo. Zile programu zinazojitangaza kusafisha rejista na kuongeza kasi mara kumi usiziguse, hazina kazi na nyingine ndo zenyewe mdudu. Na lile la kudifragi, yaani kupanga upya vipande vya faili vilivotawanyika, ni la diski ya sahani tu, SSD usiidifragi.

Kitu kimoja SSD haitakusaidia, saiti za fomu. Siku za mwisho za maombi kila mtu yuko humo na ukurasa unakwama hata kwenye laptopu mpya. Ukitaka kujua ni mtandao au mashine, fungua ukurasa huohuo kwenye simu kwa bando lilelile, nayo ikikwama, laptopu haina kosa.

Ile diski ya zamani ukiitoa, ikiwa CrystalDiskInfo ilisema Good, inunulie kava la USB ifanye kazi ya bakapu. Ikiwa Caution usiiamini na kitu. Ila usimwachie fundi wala usiiuze hivihivi, humo mna vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na matokeo ya watoto wa watu, na kufuta faili au kufomati haraka hakuondoi, mwenye programu ya kurudishia anavipata. Ichomeke kwa USB, fungua Command Prompt kama Administrator, tazama vizuri diski yako imepewa herufi gani, tuseme E, andika format E: /P:1, nayo inaandika juu ya kila kitu kwenye herufi hiyo, kama diski ina herufi nyingine rudia na hiyo, itachukua masaa, iache usiku. Na kama imekufa haisomeki kabisa, nyundo.